Je, Wajua? Pampu Inayomeza

Ulipokuwa mdogo ulinunua barafu ya ukwaju kwenye mfuko mrefu wa plastiki, ukang'ata ncha, ukaisukuma kwa dole gumba kutoka chini hadi ikakujia mdomoni. Basi pampu ya peristaltiki unaijua tayari. Ndani yake mna mpira laini uliopindwa nusu duara, na roleri mbili au tatu zinazopita juu yake zikiubana. Roleri inafukuza kilicho mbele yake. Nyuma yake mpira unatanuka na kuvuta kingine. Hakuna vali. Kinachopita humo, iwe damu au klorini, kinagusa mpira peke yake, chuma hakikioni.

Je, wajua kwamba jina lake limetoka tumboni? Peristalsisi ni ule mwendo wa misuli unaosukuma tonge kooni na kuliendesha hadi mwisho wa utumbo. Kwa kuwa tonge husukumwa, halianguki tu, mtu anaweza kumeza hata akiwa kichwa chini miguu juu. (Usijaribu na ugali.) Bingwa wa mchezo huu ni twiga. Akicheua, tonge la majani hupanda shingo ya karibu mita 2, na ukimtazama kwa utulivu mbugani utaliona likipita chini ya ngozi. Pampu nayo haibagui upande: geuza mzunguko, kilichokuwa kinakwenda kitarudi.

Je, wajua kwamba kinachochakaa hasa ni ule mpira? Mota na roleri zinaweza kudumu miaka; mpira huhesabiwa kwa kubanwa. Roleri 3 zikizunguka mara 100 kwa dakika, mpira unabanwa mara 300. Kwa saa moja, mara 18,000. Ndiyo maana fundi mzoefu akitaka lita zile zile bila kubadilisha mpira kila mara, huchagua mpira mpana na kupunguza kasi. Wenye haraka huweka mwembamba na kuukimbiza, kisha wanashangaa unapasuka.

Tena mpira ukichoka haupigi kelele. Unapoteza unyumbufu wake, haujai vizuri, na kinachotoka kinapungua huku roleri zinazunguka vilevile. Mashine inahesabu mizunguko, haihesabu maji. Dawa yake ni silinda ya kupimia na saa: kinga kwa dakika moja, soma, rekebisha. Mpira mpya nao uache uzunguke kwanza, maana mwanzoni hulegea kidogo na kipimo cha asubuhi hakitakuwa cha mchana.

Usiuvute mpira wakati wa kuufunga, kwani ukinyooshwa tundu lake linapungua. Na kazi ikiisha, fungua kibanio uuache upumue. Nimeona pampu ya klorini ya bwawa la kuogelea iliyoachwa imebana wiki nzima ya sikukuu. Ilipowashwa, mpira ulikuwa bapa kama chapati pale roleri zilipolalia, na klorini ikawa inatoka kwa kukwamakwama. Mlinzi aliyekuwa na ufunguo alikuwa hapo hapo siku zote; hakuna aliyemwambia afungue kile kibanio kimoja.

Je, wajua kwamba mpira wa silikoni, unaosifiwa kwa ulaini, haupatani na petroli wala mafuta ya taa? Huvimba. Kila kimiminika kina mpira wake.

Je, wajua kwamba pampu hii ilipita mikononi mwa daktari aliyekaribia miaka 100? Michael DeBakey hakuibuni. Hataza za pampu za namna hii zilikuwapo Marekani tangu karne ya 19. Lakini miaka ya 1930, akiwa New Orleans, aliitumia kumwongezea mgonjwa damu, akakutana na kero ambayo kila fundi anaijua: roleri zikizunguka, mpira hutambaa nazo. Yeye akauwekea ukingo wa kuushikilia usihame. Tarehe 6 Mei 1953, huko Philadelphia, John Gibbon alimfanyia msichana wa miaka 18 upasuaji wa moyo huku mashine yenye pampu za roleri ikibeba kazi ya moyo na mapafu yake. Mwaka 2006 DeBakey mwenyewe, akiwa na miaka 97, alipasuliwa mshipa mkuu wa damu kwa mbinu alizochangia kuzianzisha. Alifariki 2008, miezi miwili kabla ya kutimiza 100.

Kwenye damu, kubana ni kazi ya mkono wa sonara. Ukilegeza, damu inarudi nyuma. Ukikaza mno, seli nyekundu zinapasuka. Kabla ya upasuaji, mtaalamu hujaza mpira kimiminika, huuinua wima na kutazama kikishuka. Kikishuka sentimita chache tu kwa dakika, roleri zimekaa sawa.

Je, wajua kwamba mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mililita 300 kwa dakika, kwa saa 4, anapitisha lita 72 kwenye mpira mmoja? Mwilini ana lita 5 hivi, kwa hiyo damu yote inazunguka kama mara 14. Mpira ule hutumika kikao hicho tu.

Na umeme ukikatika? Mashine nyingi zina betri. Betri ikigoma, kuna mpini mdogo. Nilikuwa nimekaa na shangazi akisafishwa damu taa zilipozimika. Nesi alifungua kifuniko, akauchomeka mpini katikati ya roleri, akafungua kwa mkono koleo la mpira wa kurudishia damu, akaanza kuzungusha taratibu kufuata mshale uliochorwa pale. "Shangazi, usinyanyue mkono," alisema. Macho yake hayakuwa kwenye mpini. Alikuwa anamulika kwa tochi ya simu ule mpira unaorudi mwilini, akitafuta povu, maana king'ora cha hewa nacho kilikuwa kimezimika.