FARASI WA AZIMA NA BEI YA HAKI

Sisi wakazi wa Iroquois, kusini mwa Louisville, hatuko mbali na Churchill Downs, penye mbio za Derby tangu 1875. Basi si ajabu mmoja wetu akiazimwa farasi, akamlisha na kumpanda, kisha akatamani kumnunua. Hapo ndipo penye mtihani.

Mwenye kuazima huenda akamjua mnyama kuliko mwenyewe. Akimzulia ila ili bei ishuke, amedhulumu. Na mwenyewe akificha kilema, amedhulumu vilevile.

Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar alichukua farasi wa mtu ili amjaribu kabla ya kumnunua, akalemaa mikononi mwake. Shurayh akahukumu: amnunue, au amrudishe kama alivyomchukua. Umar hakukasirika, alimfanya kadhi wa Kufa.

Basi tumwite daktari wa mifugo asiyeelemea upande wowote, na ujira wake tutoe sisi wanunuzi. Tuulizie farasi wa umri na kazi kama yake huuzwaje. Gharama za malisho tusizikate katika bei, ila tukiwa tulipatana hivyo tangu mwanzo, kwani kumpanda tulinufaika. Kisha tuandikiane mbele ya mashahidi wawili.

Bei ya haki ni ile ambayo, baada ya kulipana, tutasalimiana bila kinyongo.