Masalia ya Watakatifu na Hati Zake

Mfupa haujitaji kuwa ni wa nani. Hati ndiyo humtaja mtakatifu. Ndiyo maana Mama Kanisa huyahifadhi masalia ya watakatifu katika kasha lililofungwa na kutiwa lakiri, pamoja na hati ya uthibitisho. Mwongozo wa Kiti Kitakatifu wa mwaka 2017 unasema kwamba pasipo hati hiyo, masalia hayawezi kuwekwa hadharani ili waamini wayaheshimu.

Kwa wakusanyaji wa vitu vya kale, historia ya umiliki huongeza bei. Kwetu hulinda ukweli wa ibada, kwa kuwa Kanuni ya 1190 inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Basi, tukirithi kasha la namna hiyo, tusivunje lakiri wala kuitenga hati. Tuvikabidhi vyote kwa Paroko.