KUCHAGUA STESHENI WAGONI ILIYOKWISHA KUTUMIKA
Mashauri kwa wanunuzi wa Hola, Garsen na vijiji vya Mto Tana

Wako watu wengi katika miji ya Hola na Garsen, na katika vijiji vilivyo kando ya Mto Tana, ambao nia yao ni kununua motokaa yao wenyewe. Mwalimu ataka kufika shuleni kwa wakati. Mkulima wa maembe ataka kupeleka mazao yake Malindi kabla hayajaoza. Mwenye duka ataka kuleta bidhaa zake bila ya kungojea lori la mwenziwe. Tena kila mmoja wao ana jamaa wa kuwachukua hospitalini, arusini na matangani. Motokaa iwezayo kazi hizi zote kwa gharama ya kiasi ni ile iitwayo stesheni wagoni, yaani motokaa ndogo yenye milango minne ya abiria na mlango wa tano nyuma, ambayo kiti chake cha nyuma hukunjwa ili kupata nafasi ya mizigo.

Lakini fedha za kununulia ni akiba ya miaka mingi, au ni mkopo wa chama cha akiba ambao hukatwa katika mshahara kila mwezi, motokaa ikienda au isipokwenda. Kosa lililofanywa kwa saa moja mbele ya muuzaji mwenye maneno matamu laweza kulipwa kwa miaka mitatu. Kwa sababu hiyo yafaa kila mnunuzi ajue mambo machache kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Bei ni jambo moja, gharama ni jingine

Wahenga walisema, "Rahisi haihalisi." Bei ni ile fedha itolewayo siku ya kununua, gharama ni fedha zote zitakazotoka mpaka siku ya kuiuza motokaa hiyo. Mnunuzi mwenye busara hutazama ya pili.

Natufanye hesabu. Tuseme ziko motokaa mbili. Ya kwanza ina injini kubwa, nayo huenda kilomita 10 kwa lita moja ya petroli. Ya pili ina injini ndogo, huenda kilomita 15 kwa lita moja, lakini bei yake imezidi ile ya kwanza kwa shilingi 60,000. Mwenyewe husafiri kilomita 1,200 kila mwezi. Ya kwanza itakunywa lita 120, na ya pili lita 80. Tofauti ni lita 40 kwa mwezi. Ikiwa lita moja yauzwa kwa shilingi 180, tofauti hiyo ni shilingi 7,200 kila mwezi, yaani shilingi 86,400 kwa mwaka. Basi yule aliyefurahi kwamba ameokoa shilingi 60,000 atakuwa amekwisha kuzirudisha zote kabla mwezi wa tisa haujaisha, naye ataendelea kulipa.

Bei ya petroli katika Kenya hutangazwa kila mwezi na Halmashauri ya Kusimamia Kawi na Petroli, nayo hutofautiana mji kwa mji. Kila mtu na aweke bei ya kwao katika hesabu hii, na kilomita zake mwenyewe, ataona jibu lake.

Jambo la pili ni kwamba mnunuzi asitumie fedha zake zote kwa kununua. Katika kila shilingi 100 alizo nazo, yafaa 80 ziende kwa motokaa na 20 zibaki. Mwenye shilingi 800,000 basi atafute motokaa ya shilingi 640,000, na shilingi 160,000 azishike kwa bima, kubadilisha hati, oili mpya, breki, na pengine magurudumu manne. Hakuna motokaa iliyotumika isiyodai kitu katika miezi yake ya kwanza.

Aina zinazojulikana

Wazee wa Kenya wanazikumbuka stesheni wagoni za Peugeot, kwanza 404 na baadaye 504, ambazo zilikuwa na viti safu tatu na zilibeba abiria na mizigo katika nchi nzima. Peugeot 404 ilishinda mashindano makubwa ya Safari ya Afrika Mashariki katika mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Zilipendwa kwa sababu springi zake zilivumilia mashimo, na kwa sababu fundi wa kila mji alizijua na vipuri vyake vilipatikana. Sababu hizo hazijazeeka hata leo.

Siku hizi nafasi hiyo imeshikwa na motokaa za Kijapani. Toyota Probox ilianza kutengenezwa mwaka 2002. Ni motokaa ya kazi: hubeba mizigo vizuri, na injini yake ya sentimita za ujazo 1,500 haipendi petroli nyingi. Ila kiti chake cha nyuma ni chembamba na kimesimama wima, kwa kuwa iliundwa hasa kwa mizigo. Safari ndefu humchosha mzee au mama mjamzito.

Toyota Corolla Fielder, ambayo jina lake lilianza mwaka 2000, ina viti vilivyo laini zaidi, na nyingi zina injini ya kadiri hiyo hiyo. Kwa mtu ambaye jamaa zake husafiri naye mara nyingi, hii yamfaa kuliko Probox. Nissan Wingroad na ndugu yake Nissan AD nazo ni za namna hiyo. Subaru Legacy na Outback hupita zote hizi kwa utulivu barabarani, na huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Lakini injini zake ni kubwa zaidi, na asiyekuwa na fedha za petroli atajuta.

Ziko pia zile ziitwazo haibridi, kama vile Fielder za namna hiyo zilizoanza kutolewa mwaka 2013. Hizi zina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri kubwa, nazo huokoa petroli nyingi hasa mjini, penye kusimama na kwenda. Lakini betri hiyo hupozwa kwa hewa iingiayo kwenye tundu karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa kwa vumbi au kwa magunia, betri hupata joto na kufa mapema, na betri mpya ni ghali. Anayekaa Hola, penye joto kali na vumbi, na mbali na mafundi wa kazi hiyo, afikiri mara mbili.

Barabara zetu

Barabara kuu itokayo Malindi kupita Garsen na Hola mpaka Garissa ina lami, lakini anayeiacha akaelekea mashambani hukutana na mchanga, na wakati wa mvua hukutana na udongo mweusi unaonata. Kwa hiyo mnunuzi ainame atazame nafasi iliyo baina ya ardhi na tumbo la motokaa. Motokaa iliyoteremshwa ili ipendeze macho haifai huku.

Joto nalo lina hesabu yake. Nenda ukaijaribu motokaa saa sita ya mchana, siyo asubuhi. Iache injini izunguke kwa dakika 20 hali mashine ya baridi inafanya kazi, kisha utazame kama joto la injini linapanda. Baadhi ya motokaa hizi hazina mshale wa joto. Zina taa tu, ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikizidi joto. Ikiwaka ile nyekundu, ondoka.

Kukagua

Mwambie muuzaji asiiwashe motokaa kabla hujafika, kwani injini baridi husema kweli. Ikiwashwa, tazama moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inaunguza oili. Moshi mweusi maana yake petroli inapotea bure. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiisha pata moto waweza kuwa dalili ya kwamba maji yanaingia ndani ya injini. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando kama wa maziwa, huenda maji na oili vimechanganyika.

Tazama magurudumu. Ubavuni pana tarakimu nne zinazoonyesha wakati yalipotengenezwa. Kwa mfano, 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Gurudumu lililokula upande mmoja laonyesha kwamba vyuma vya chini havikukaa sawa.

Usiziamini kilomita zilizoandikwa mbele ya dereva, kwani wako watu wanaozirudisha nyuma. Tazama pedali, usukani na kiti cha dereva: vikiwa vimelika sana hali kilomita ni chache, pana uwongo. Kwa motokaa inayotoka Japani, omba karatasi ya mnada, ambayo huandikwa kilomita na daraja la hali yake. Herufi R katika karatasi hiyo huonyesha kwamba motokaa ilipata ajali ikatengenezwa.

Tena sisi wakazi wa Mto Tana tunayajua mafuriko. Mwezi wa Novemba 2023 maji yalikata njia baina ya Madogo na Garissa, na mwaka 2024 yakarudi. Motokaa iliyozama huoshwa ikang'aa, kisha huuzwa kwa asiyejua. Inua zulia la ndani utafute matope. Tazama kama parafujo zilizoshika viti zina kutu. Nusa harufu ya uvundo. Tazama taa za mbele kama zina ukungu ndani. Hata ukiwa na motokaa nzuri, usiiingize katika maji usiyojua kina chake; injini ikinyonya maji huvunjika vyuma vyake vya ndani.

Mwisho wa ukaguzi, kaa katika kiti cha nyuma, si cha dereva, na uendeshwe nusu saa katika barabara mbovu. Hapo ndipo watakapokaa wazazi wako na watoto. Kisha umpe fundi wako mwenyewe, asiyejuana na muuzaji, aikague kwa malipo. Ujira wake ni mdogo kuliko bei ya injini.

Hati

Motokaa nzuri yenye hati mbaya ni hasara tupu, maana mwenyewe halisi au benki yaweza kuja kuichukua. Katika Kenya mambo haya yanasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA. Kwa ada ndogo mtu aweza kuuliza huko, kwa njia ya mtandao, jina la mwenye motokaa. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha muuzaji, na nambari ya chesisi iliyo kwenye hati na ile iliyogongwa katika chuma. Ikiwa jina la benki au chama cha mikopo limeandikwa pamoja na la muuzaji, basi iko rehani. Deni halina budi kulipwa kwanza.

Usikubali ahadi ya kwamba hati itabadilishwa baadaye. Andikeni mapatano mbele ya mashahidi, na sehemu ya fedha ibaki mpaka jina lako limeingia katika hati.

Anayetaka kuagiza kutoka ng'ambo ajue kwamba sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyopita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza, wala ile yenye usukani upande wa kushoto. Tena motokaa yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa ulio mdogo kuliko ile ya injini kubwa zaidi. Kabla ya kuagiza, ujumlishe kodi zote pamoja na nauli ya meli.

Kupunguza petroli

Ukiisha kununua, pima unywaji wake. Jaza tangi mpaka juu, andika kilomita. Safiri kilomita 200 au zaidi, kisha ujaze tena mpaka juu. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizojaza. Ukienda kilomita 240 ukajaza lita 16, jibu ni kilomita 15 kwa lita. Fanya hivyo kila mwezi. Jibu likishuka ghafula, motokaa inaumwa: huenda chujio la hewa limejaa vumbi, au magurudumu yana upepo mdogo, au breki zinashika.

Ondoa kereti ya juu wakati haina mzigo, kwani hushindana na upepo. Usikimbie ovyo. Wala usipakie watu wanane katika motokaa ya watano: springi huvunjika, petroli huisha, na wasiofungwa mikanda hawana salama siku ya ajali. Na anayebeba abiria kwa malipo bila ya leseni ya kazi hiyo avunja sheria, na bima yake yaweza kukataa kulipa.

Mnunuzi asiwe na haraka. Motokaa za kuuzwa haziishi. Ukikosa hii leo, wiki ijayo utaona nyingine. Lakini akiba ya miaka sita, ikiisha kutoka mkononi, hairudi kwa wiki moja.