Je, Wajua? Bagipaipu Unayoiona Huenda Siyo Unayoisikia

Je, wajua kwamba bagipaipu inayosikika katika Braveheart, filamu ya 1995 ya Mel Gibson kuhusu shujaa wa Uskoti William Wallace, si ya Uskoti? Machoni ni Waskoti na ala zao za vita. Masikioni ni uilleann, bagipaipu ya Ireland, na aliyeipiga ni Mmarekani, Eric Rigler. Mtunzi wa muziki huo, James Horner, alimwita tena Rigler kwa ajili ya Titanic (1997). Wala si sauti peke yake iliyoazimwa. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Ireland, ngome ya Trim ikavishwa sura ya mji wa York, na askari wa akiba wa Ireland wakaigiza majeshi ya pande zote mbili. Filamu ikanyakua tuzo tano za Oscar.

Je, wajua kwa nini walibadilisha ala? Bagipaipu ya Uskoti haijui kunong'ona. Ina mfuko wa hewa, bomba la kupulizia, bomba la wimbo lenye noti tisa tu, na mabomba matatu ya mvumo yanayolala begani. Mpigaji akishaanza, sauti haikatiki wala haipungui, kwa hiyo ili noti mbili zinazofanana zisigandane inambidi azitenganishe kwa noti fupi sana anazozichomeka kwa kasi ya kidole. Tena imepandishwa juu kidogo kuliko piano na fidla, hivyo kuiweka katikati ya okestra ni kazi ngumu. Ile ya Ireland haipulizwi kwa mdomo hata kidogo. Hewa yake hutoka kwenye mivukuto midogo inayofungwa kiunoni na kuminywa kwa kiwiko. Ina oktava mbili, ni nyororo, na mpigaji wake kwa kawaida hukaa kitini. Fundi wa studio anaipenda kwa sababu hiyo. Lakini vita vya farasi na mikuki havipigwi mtu akiwa kitini, ndiyo maana kamera inaonyesha ala moja na spika zinatoa nyingine.

Kwa msomaji wa mji wetu wa Kutus, chini ya Mlima Kenya, ambaye ameona mwomboko, dansi ya Wagikuyu ya kodiani, ukichezwa harusini au kwenye runinga siku ya sherehe za taifa, kanuni ya mivukuto hiyo ni ileile ya kodiani: mkono unasukuma hewa, hewa inatetemesha ndimi ndogo, na mapafu ya mtu yanabaki huru. Kodiani tuliipokea, tukaichanganya na karing'aring'a, chuma chetu cha kugonga, na leo hakuna anayeiita ala ya wageni.

Je, wajua kuwa Waskoti walifika mitaa hii mapema? Misheni ya Kanisa la Uskoti ilianzishwa Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908. Chama cha Boys' Brigade, ambacho vijana wake tunawaona wakiandamana na ngoma zao Jumapili katika makanisa ya Kipresbiteri ya PCEA, kilianzia Glasgow mwaka 1883.

Je, wajua kikosi cha Black Watch? Hapa nataka kusimama kidogo. Hiki ni kikosi cha Uskoti kilicholetwa Kenya mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, kupigana na Mau Mau, na kikakaa hadi 1955. Kwa familia nyingi za Kenya ya Kati hilo ni jina la jeshi kwanza, muziki baadaye, na ni haki jambo hilo lisemwe kabla ya kuwasifu wapiga bagipaipu wake. Miaka kumi baada ya kuletwa Kenya, wapigaji wa kikosi hichohicho walikuwa ziarani Marekani. Tarehe 13 Novemba 1963 walipiga kwenye uwanja wa Ikulu ya Marekani, Rais John F. Kennedy akiwatazama pamoja na familia yake. Tarehe 22 akauawa. Tarehe 25, wapiga bagipaipu tisa wa Black Watch waliitwa kushiriki katika msafara wa mazishi, na runinga zikayapeleka mazishi hayo kwa mamilioni ya watu. Ilikuwa siku 17 kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa.

Na mmoja wa waliokuwa mbele ya runinga siku hiyo alikuwa Rufus Harley, mpiga saksofoni Mmarekani mweusi wa Philadelphia. Sauti ile haikumwacha. Aliitafuta kwanza kwenye saksofoni yake, ikakataa. Akaenda New York, akaipata bagipaipu kwenye duka la mkopeshaji wa rehani, akailipia dola 120. Inasimuliwa kwamba majirani walichoshwa na mazoezi yake wakaita polisi. Polisi walipofika, Harley alikuwa ameshaificha ala, akawauliza kama yeye kwa sura anafanana na Mskoti. Mwaka 1965 alitoa albamu ya kwanza, Bagpipe Blues, akawa mtu wa kwanza kuifanya bagipaipu kuwa ala yake kuu katika jazi. Alionekana kwenye vipindi vya runinga vya Marekani, na katika filamu ya Francis Ford Coppola ya 1966, You're a Big Boy Now. Alifariki mwaka 2006. Katika historia yote ya bagipaipu kwenye skrini, hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote: kikosi kilichokuja kwetu na bunduki kikamfikia mtu mweusi kule Philadelphia kwa njia ya kioo cha runinga, naye akachukua muziki akaacha bunduki.

Je, wajua The Longest Day? Filamu hii ya 1962 inaonyesha majeshi ya washirika yakiingia Normandy tarehe 6 Juni 1944, na ndani yake yumo mpiga bagipaipu anayetembea ufukweni chini ya risasi. Mtu huyo aliishi kweli. Aliitwa Bill Millin, alikuwa na umri wa miaka 21, na alikuwa mpigaji wa kamanda Lord Lovat. Kanuni za jeshi zilikataza wapigaji kwenda mstari wa mbele, lakini Lovat alimwambia kanuni hizo ni za Waingereza, wao wawili ni Waskoti, haziwahusu. Millin akashuka majini akiwa amevaa kilti ambayo baba yake aliivaa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, bila bunduki, akiwa na kisu kidogo tu kwenye soksi. Wajerumani waliotekwa walieleza baadaye kwamba hawakumpiga risasi kwa sababu walidhani amerukwa na akili.

Watu wengi huamini Millin alijiigiza mwenyewe katika filamu ile. Hapana. Anayeonekana ni Leslie de Laspee, aliyekuwa mpiga bagipaipu wa mama yake Malkia Elizabeth. Na aliyeigiza Lovat ni Peter Lawford, shemeji yake Kennedy, rais yuleyule ambaye mwaka mmoja baadaye angeagwa kwa bagipaipu.

Je, wajua kuwa Scotty wa Star Trek, fundi wa chombo cha angani anayeongea kwa lafudhi ya Kiskoti, aliigizwa na Mkanada, James Doohan? Katika filamu ya pili ya mfululizo huo, ya 1982, ndiye anayepiga Amazing Grace kwenye mazishi ya Spock. Wimbo huo tunaoimba kanisani uliandikwa na John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa.

Dead Poets Society (1989) inaanza na bagipaipu, kwenye sherehe ya kufungua mwaka katika shule ya wavulana. Muziki wake ni wa Maurice Jarre.

Wimbo wa Mull of Kintyre wa Paul McCartney na kundi lake la Wings, mwaka 1977, ulishirikisha bendi ya bagipaipu ya mji mdogo wa Campbeltown. Uliuza zaidi ya nakala milioni mbili Uingereza peke yake.

Bon Scott wa kundi la roki la AC/DC, mzaliwa wa Uskoti aliyekulia Australia, alionekana Februari 1976 juu ya lori katika barabara za Melbourne akipiga bagipaipu katika wimbo mmoja wa kundi lake, kwa ajili ya kipindi cha runinga cha Countdown. Kabla ya wimbo ule hakuwa mpiga bagipaipu. Utotoni alikuwa kwenye bendi ya bagipaipu, ndiyo, lakini kwenye ngoma.

Sasa turudi chini ya mlima. Je, wajua kwamba Malkia Elizabeth alikuwa Nyeri baba yake alipofariki? Alilala Treetops, kwenye msitu wa Aberdare, na habari zikamfikia Sagana Lodge tarehe 6 Februari 1952. (Msomaji wa Kutus asichanganye: nyumba hiyo haiko mjini Sagana kwa jirani zetu, iko Nyeri upande wa Kiganjo, na siku hizi ni ikulu ndogo ya taifa.) Kwa miaka 70 iliyofuata, kila alipokuwa katika moja ya makazi yake makuu, mpiga bagipaipu alipiga chini ya dirisha lake saa tatu asubuhi kwa dakika 15. Cheo cha mpigaji huyo kilianzishwa na Malkia Victoria mwaka 1843. Tarehe 19 Septemba 2022, Paul Burns, aliyekuwa akishikilia cheo hicho, alifunga ibada ya mazishi ya Elizabeth huko Westminster kwa wimbo wa Sleep, Dearie, Sleep huku akiondoka taratibu hadi sauti ikapotea. Dunia nzima ilitazama. Mfululizo wa The Crown, ulioanza mwaka 2016 na ambao kipindi chake cha pili kinasimulia safari ile ya Kenya, ulikipa kipindi chake cha mwisho, Desemba 2023, jina la wimbo huo.

Tusichanganye hapa pia. Rais Mwai Kibaki alipozikwa Othaya tarehe 30 Aprili 2022, mizinga 19 ikalia na watu wakafuatilia kwenye runinga, wimbo wa Last Post ulipigwa kwa tarumbeta ya kijeshi. Last Post ni wito wa tarumbeta. Ombolezo la bagipaipu ni jambo jingine, na waandishi wetu wa filamu na tamthilia wangefanya vizuri kutofautisha.

Je, wajua kwamba bagipaipu zipo upande wetu wa bahari pia? Kwenye mwambao wa Ghuba, pamoja na Oman, kuna habban, ala yenye mfuko wa ngozi ya mbuzi. Upande wa Iran, mjini Bushehr, kuna ney-anban. Uskoti haukuwafundisha watu hawa. Kisha ikaja ya pili: Sultani Qaboos wa Oman alisoma Sandhurst na kutumikia mwaka mmoja katika kikosi cha Kiskoti cha Cameronians, na majeshi ya Oman yana bendi za bagipaipu, nyingine zikipiga juu ya ngamia. Waomani wazungumzao Kiswahili, ambao wengi wao walirudi kutoka Zanzibar, wanazo basi bagipaipu za aina mbili nyumbani. Na huko Lamu na Mombasa mpiga zumari hana mfuko wowote: mashavu yake ndiyo mfuko. Huhifadhi hewa mashavuni huku akivuta nyingine puani, sauti isikatike. Bado nangoja filamu itakayomweka mtu huyo mbele ya kamera na kumwachia amalize wimbo.

Bagipaipu nyingi zinazouzwa duniani hutengenezwa Sialkot, Pakistan, mji uleule maarufu kwa mipira ya soka.

Je, wajua jinsi ya kumtambua mwigizaji asiyepiga kweli? Katika vibanda vya video vya Kutus na Karatina, msimulizi wa filamu DJ Afro akiufunika muziki kwa sauti yake, macho yako ndiyo yatakusaidia. Tazama mkono wa kushoto: mpigaji wa kweli huuminya mfuko kwa mkono huo kila anapovuta pumzi, na wa kuigiza huusahau. Tazama mdomo: wa kweli anaweza kuachia bomba kwa muda mfupi na wimbo ukaendelea. Tazama vidole: hulala vimenyooka, matundu yakizibwa na nyama ya kidole, si ncha. Kisha sikiliza mwanzo. Bagipaipu ya Uskoti haiingii kwenye wimbo moja kwa moja. Mabomba ya mvumo hutangulia kunguruma, ndipo noti ya kwanza ifuate. Ukisikia wimbo umeanza ghafla, safi, bila mngurumo huo, mhariri amekata, au kilichopigwa ni kinanda cha umeme.