Kampene: baada ya PS2, tununue nini?

Mjadala huu haumaliziki. Huanza jioni jenereta linapowashwa, huendelea kati ya mechi moja na nyingine, na mara nyingi hukatizwa na petroli kuisha. Swali ni lile lile: pesa zikipatikana, mashine gani inunuliwe?

Katika miji ya machimbo ya jimbo la Maniema kama Kampene, wilaya ya Pangi, kibanda cha gemu hakihitaji mengi. Paa la mabati, mabenchi mawili, televisheni, mashine moja au mbili za PlayStation na manete ambazo vitufe vyake vimeng'aa kwa vidole. Wateja ni vijana waliotoka machimboni, waendesha pikipiki, na wanafunzi ambao wazazi wao wanadhani wako kwingine. Malipo ni kwa mechi. Aliyefungwa huinuka, na aliyekuwa akisubiri huketi, na aliyeinuka hujiunga na wale wa nyuma wanaobishana juu ya mashine ijayo.

Kwa wale walioketi nyuma, huo ni utani wa kupitisha muda. Kwa mwenye kibanda ni hesabu nzito. Mashine ndiyo mtaji wake, na aghalabu fedha za kuinunulia zimechangwa na kaka, shemeji au mke. Akikosea, haipo duka la kuirudishia.

Tuanze na wazee wa kazi. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, na Sony ilisimamisha utengenezaji wake mwanzoni mwa 2013. Ni miaka mingi, lakini bado inafanya kazi katika vibanda vya Afrika, na wanaoitetea wana hoja za maana. Ile nyembamba hutumia umeme usiozidi wati 48. Vipuri vyake hupatikana kwa kuua mashine moja ili kuokoa nyingine. CD zikichakaa, mafundi huweka programu kwenye kadi ya kumbukumbu na gemu husomwa kutoka kwenye flashi. Si njia ambayo Sony ingeipenda, na polepole yake inajulikana, lakini mechi huchezwa.

Tatizo ni wachezaji. Gemu rasmi za mwisho za soka kwa PS2, FIFA 14 na PES 2014, zilitoka mwaka 2013. Kijana aliyezaliwa mwaka huo leo ameshaanza kushika manete, na kwenye skrini anakutana na vikosi vya enzi za kaka yake. Hapo ndipo Wabrazil walipowaokoa watu wengi: kuna mradi wa mashabiki uitwao Bomba Patch, ulioanza mwaka 2007, ambao huchukua gemu ya zamani ya PES ya PS2 na kuipachika majina na jezi za msimu mpya. Anayeweza kuipata kwenye flashi amepata maisha mapya kwa mashine ya zamani, hata kama mtangazaji anapiga kelele kwa Kireno.

PES ya zamani ina hazina nyingine ambayo gemu za kisasa hazijaipita, nayo ni uwanja wa kuhariri. Unaweza kuchukua timu, ukaibadili jina, ukaichorea jezi, ukawapa wachezaji nywele na viatu. Hili si jambo dogo Maniema. AS Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024–2025, ikapangwa na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR. Lakini ukifungua gemu kubwa za soka za leo, huikuti, wala huikuti ligi ya Kongo. Atakayetaka kuiona timu ya nyumbani ikimfunga Real Madrid kwenye skrini itambidi aiunde mwenyewe, mchezaji mmoja mmoja.

PS3 haina watetezi wengi, na nadhani ni haki. Ilipata FIFA mpya hadi FIFA 19, kisha ikaachwa. Zile za mwanzo ni nzito na zinakula umeme. Anayeinunua leo, labda kwa ajili ya GTA V, anaingia kwenye basi lililokwisha kufika kituo cha mwisho.

Ndoto ya wengi ni PS4. Ina umri wa zaidi ya miaka kumi, kwani ilitoka Novemba 2013, lakini EA Sports FC 26, ile gemu iliyoitwa FIFA hadi 2023, ilitolewa kwa PS4 pia Septemba 2025. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kununua mashine iliyotumika na bado akapata vikosi vya karibuni. Kwa vijana wa hapa hilo lina uzito wake: wanawaona Wakongo wenzao kwa sura zao halisi. Yoane Wissa alipokuwa akifunga mabao Brentford, aliyemchagua kwenye FC 25 hakuhitaji kueleza kwa nini.

Lakini PS4 inabadili kanuni za kibanda. CD ya kunakili haiingii kwenye mashine ambayo haijachezewa, na CD halali ya gemu mpya huuzwa nje kwa dola 60 hadi 70. Gemu hujisakinisha kwenye diski ya ndani, kwa hiyo diski ikifa kila kitu huenda nayo. Faraja iliyopo ni kwamba ukiwa na CD unaweza kucheza bila intaneti, na programu ya mfumo inaweza kusasishwa kwa flashi iliyojazwa Kindu au popote penye mtandao mzuri. Wengi hawalijui hili, na huiacha PS4 wakidhani bila mtandao ni kopo tupu.

Ushauri wa mafundi kwa anayenunua PS4 ya mkononi ni wa kawaida, lakini hupuuzwa kila siku: iwashe nusu saa nzima, usikubali dakika mbili. Sikiliza feni. Ikilia kama pikipiki inayopanda mlima, vumbi limeshakaa ndani. Ingiza CD na uitoe mara tatu. Tikisa kidogo waya wa HDMI, picha ikikatika, acha. Vumbi jekundu la huku na safari ya pikipiki kwenye barabara za Pangi havina huruma kwa tundu lililolegea.

PS5 hutajwa kwa kicheko. Ilianza kuuzwa Novemba 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025 Sony ikaipandisha bei Marekani hadi karibu dola 550. Hapa kuna mabadiliko ambayo yanawaumiza wanunuzi wa mwisho wa mnyororo kama wa Kampene. Zamani mashine ilishuka bei kadiri ilivyozeeka: PS2 iliyoanza kwa dola 299 Marekani mwaka 2000 ilikuwa dola 99 mwaka 2009. Miji kama hii ilikuwa ikisubiri tu zamu yake. Sasa anayesubiri anaona bei ikimkimbia. Tena kuna aina ya PS5 isiyo na sehemu ya CD kabisa, ambayo kila gemu lazima ishushwe kwa mtandao. Anayeletewa hiyo kama zawadi kutoka Ulaya atahitaji subira.

Na hesabu ya umeme ndiyo inayomaliza ubishi. Chukua PS2 nyembamba na televisheni bapa: pamoja ni wati 100 hivi. Kwa saa tano za jioni hizo ni wati-saa 500. Betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Kwa hiyo paneli na betri moja hutosha PS2, kwa shida kidogo. PS4 ya mwanzo peke yake hufika wati 140 hivi ikiwa kwenye mechi, na pamoja na televisheni unahitaji betri mbili. PS4 Slim ya mwaka 2016 hushuka chini ya wati 100, na ndiyo sababu wanaojua hulipa zaidi kwa Slim. PS5 hugusa wati 200. Wenye jenereta hulipa tofauti hiyo kwa petroli, na petroli ya huku imesafiri mbali kuliko wachezaji wote walioko kwenye benchi.

Wakati watu wazima wanapiga hesabu, wadogo wamekwisha kuamua. Wana simu. Dream League Soccer huchezwa bila mtandao. Programu ya PPSSPP, iliyoanza mwaka 2012, huigeuza simu ya Android kuwa PSP, na gemu hupita kutoka simu hadi simu bila kugusa intaneti. Free Fire nayo ina wapenzi, ila inataka mtandao usioyumba. Mwezi Mei 2025 serikali iliipa Starlink leseni baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia, na tangu hapo wapo wanaosema kibanda cha kesho ni dishi na Wi-Fi ya kulipia, si manete. Sikubaliani nao moja kwa moja. Kwenye simu hakuna mtu wa kukucheka ana kwa ana ukifungwa tano bila, na nusu ya utamu ni hiyo.

Kupata mashine nako kumekuwa kugumu. Kwa miaka mingi vifaa vya elektroniki viliingia Maniema kupitia Goma na Bukavu, kwa ndege hadi Kindu na kutoka hapo kwa barabara. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Viwanja vya ndege vya miji hiyo vikasimama. Mfanyabiashara analazimika kutazama Kinshasa, Kisangani au Lubumbashi, na kila njia inaongeza bei yake na siku zake.

Kuna jambo jingine ambalo hutajwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na wachimbaji wenyewe. Ndani ya kila mashine kuna bati linalounganisha vipande, kuna tantalamu itokanayo na koltani, kuna dhahabu kidogo kwenye viunganishi. Maniema ina vyote vitatu. Mwaka 2000, PS2 ilipotoka na simu za mkononi zikienea duniani, bei ya koltani iliruka mara kadhaa, kisha ikaporomoka 2001, na vita vya wakati huo vilikula humo. Wapo waandishi wa nje waliovipa jina la vita vya PlayStation. Ni kutia chumvi, kwani vita vilikuwa na baba wengi, lakini mnyororo wenyewe si hadithi. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema hadi Machi 2011, na waliokuwa wakiishi kwa machimbo walikaa miezi sita mikono mitupu. Kijana anayechimba kasiterite asubuhi na kuchezea PS2 jioni analipa ili kugusa kitu ambacho huenda sehemu yake ilipita mikononi mwa baba yake.

Ukiwasikiliza kwa muda, utaona wanaojua wanakubaliana zaidi ya wanavyodhani. Paneli na betri ya pili kwanza. Kisha PS4 Slim iliyotumika, iliyojaribiwa nusu saa, pamoja na CD moja halali ya soka na moja ya mapigano kwa wasiopenda mpira. PS2 isiuzwe: ibaki pembeni kwa bei nafuu kwa watoto, na kwa siku ambazo mawingu yamelifunika jua la Pangi.

Isitoshe, PS2 ina kadi ile ndogo ya megabaiti 8 ambamo mtu amekaa usiku kadhaa akiunda Maniema Union yake. Mwenye kibanda mwerevu huichomoa kila anapofunga mlango, akaiweka mfukoni, akaenda nayo nyumbani.