Kuhami Joto: Istilahi ya Ujenzi na Maana Yake Bondeni Kilombero

Istilahi nyingi za ujenzi wa kisasa zimezaliwa katika nchi za baridi. Mfano ni zile zinazohusu nyumba zenye matumizi bora ya nishati. Mwaka 1991, katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, zilikamilishwa nyumba nne zilizoungana, ambazo joto la ndani halipotei ovyo katika majira ya baridi. Kanuni yake ni kwamba nishati ya kupashia nyumba joto isizidi kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Mfasiri akiziita "nyumba za kuhifadhi joto" atakuwa ameeleza sawasawa hali ya Darmstadt. Lakini fundi wa Mofu akiyafuata maneno hayo, atajenga tanuri.

Mofu imo katika bonde la mto Kilombero, nchi ya mpunga, yenye joto na unyevu. Huku nishati huokolewa kwa kulizuia joto lisiingie. Kwa hiyo istilahi ifaayo ni ile isiyobagua ndani na nje, nayo ni "kuhami joto". Kitenzi "hami" maana yake ni kulinda. Na neno "kihami" hutumika katika fizikia kwa kitu kisichopitisha joto au umeme kwa urahisi.

Paa la nyasi ni kihami, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani yake haipitishi joto upesi. Bati si kihami, ndiyo maana huhitaji dari chini yake. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole mchana na kulitoa usiku. Huo tuseme "huchelewesha joto". Baraza na upenu mrefu ni "vivuli": hulikinga jua kabla halijaugusa ukuta. Vivyo hivyo, ajengaye safu ya vyumba vya kupangisha ashauriwe kuzielekeza kuta ndefu kaskazini na kusini, kwani jua la asubuhi na la alasiri hupiga mashariki na magharibi.

Neno "kuziba" nalo litumiwe kwa hadhari. Nyumba za Darmstadt huzibwa kila upenyo. Lakini utafiti uliofanywa Ifakara, ambako maabara ilianzishwa katika miaka ya 1950, umeonyesha kuwa mbu wa malaria hupenya sana kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Uwazi huo ukizibwa kwa udongo, mbu huzuiwa, lakini hewa ya moto hufungiwa ndani pamoja na wakazi. Kitendo kinachotakiwa hapo ni "kuwamba wavu".

Mwisho, tutenganishe "nishati ya ujenzi" na "nishati ya matumizi". Tofali la kuchoma limekwisha kula kuni kabla nyumba haijapata mkazi.

Tofauti hizi si za wanaisimu peke yao. Istilahi isipolingana na hali ya mahali inapotumika, gharama yake hulipwa na mpangaji: kwa umeme wa feni usiku kucha, au kwa kukosa usingizi.