Kodi Bila Kura: Suala la Uwakilishi wa Wakazi wa Washington

Swali la nani anapiga kura na nani hapigi si swali la taratibu za uchaguzi peke yake. Ni swali la madaraka: nani anayo, ameyapataje, na nani anaweza kumnyang'anya. Mfano unaofaa kuchambuliwa ni ule wa mji mkuu wa Marekani. Wakazi wa Washington ni raia kamili. Wanalipa kodi kwa serikali kuu, na vijana wao wamepigana katika vita vya nchi hiyo. Lakini hawana hata Seneta mmoja, na mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi haruhusiwi kupiga kura ya mwisho ya kupitisha sheria. Hesabu ya watu ya 2020 ilionyesha kuwa mji huo una watu 689,545. Jimbo la Wyoming lilikuwa na watu 576,851, nalo lina Maseneta wawili na Mwakilishi mmoja, wote wenye kura.

CHANZO CHA HALI HII

Mwaka 1783 askari waliokuwa wakidai mishahara yao waliizingira Kongresi mjini Philadelphia, na serikali ya jimbo la Pennsylvania ikakataa kuwatawanya. Viongozi walihitimisha kwamba serikali kuu haiwezi kutegemea ulinzi wa jimbo lolote. Kwa hiyo Katiba iliyoandikwa 1787 iliipa Kongresi mamlaka yote juu ya eneo la makao makuu. Majimbo ya Maryland na Virginia yalitoa ardhi, na sheria ya 1801 ikawaweka wakazi wake moja kwa moja chini ya Kongresi. Tangu hapo wakapoteza kura walizokuwa nazo katika majimbo yao ya zamani.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili. Serikali kuu ilihitaji usalama, hilo linaeleweka. Lakini usalama huo haukudai kwamba wakazi wakose sauti katika chombo kinachowatungia sheria. Jambo la pili halikuzaliwa lazima na la kwanza. Liliendelea kwa sababu nyingine.

RANGI NA MADARAKA

Tarehe 16 Aprili 1862 utumwa ulifutwa mjini humo, na watumwa wapatao 3,100 wakawa huru. Fidia walilipwa mabwana, si watumwa. Mwaka 1867 wanaume Weusi walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa mji. Haukupita muda mrefu, na mwaka 1874 Kongresi ikafuta serikali iliyochaguliwa. Sababu iliyotangazwa ilikuwa madeni ya mji, na madeni hayo yalikuwapo kweli. Lakini mwaka 1890 John Tyler Morgan, Seneta wa Alabama, alieleza wazi ndani ya Seneti kwamba kura ilifutwa kwa watu wote ili Weusi wasiwe nayo. Yaani watawala waliona heri Weupe wa mji nao wakose kura kuliko Weusi waipate. Kwa miaka mingi, hadi 1967, mji uliongozwa na makamishna watatu walioteuliwa na Rais.

HAKI INAYOPATIKANA KWA VIPANDE

Mwaka 1961 badiliko la 23 la Katiba liliwapa wakazi kura ya kumchagua Rais, nao waliitumia mara ya kwanza 1964. Serikali ya mji na uwakilishi bungeni vilibaki vile vile. Mwaka 1966, baada ya kuongoza ususiaji wa mabasi kupinga kupandishwa kwa nauli, Marion Barry na wenzake walianzisha harakati za kuukomboa mji: maduka ambayo wenyewe walikataa kuunga mkono madai ya kujitawala yalisusiwa. Mwaka 1971 Walter Fauntroy alichaguliwa kuwa mjumbe katika Baraza la Wawakilishi, lakini bila kura.

Kikwazo kikubwa kilikuwa kamati ya Baraza iliyosimamia mambo ya mji. Mwenyekiti wake, John McMillan, alitoka South Carolina. Wakazi wa Washington hawakuwa na kura ya kumwondoa. Lakini tangu sheria ya haki za kupiga kura ya 1965, Weusi wa South Carolina walikuwa wamejiandikisha kwa wingi. Fauntroy na wenzake walikwenda huko kuwahamasisha. McMillan alishindwa katika uchaguzi wa mchujo wa 1972, na mwaka uliofuata sheria ya kujitawala kwa mji ikapita. Asiye na kura alimtafuta ndugu yake mwenye kura.

MADARAKA YA KUKASIMIWA

Hata hivyo sheria ya 1973 haikutoa haki, ilikasimu madaraka. Meya na Baraza la mji wanachaguliwa, lakini Kongresi inaweza kuzifuta sheria zao. Mwaka 2023 ilifuta sheria mpya ya makosa ya jinai iliyopitishwa na Baraza hilo. Agosti 2025 Rais Donald Trump alichukua usimamizi wa polisi wa mji kwa siku 30, akitumia kifungu kilichomo ndani ya sheria hiyo hiyo ya kujitawala. Aliyekasimu anaweza kurudisha mkononi mwake.

Ndiyo maana madai yameelekezwa kwenye uwakilishi kamili. Mwaka 1978 Kongresi ilipitisha badiliko la Katiba la kuupa mji Maseneta na Wawakilishi. Majimbo 38 yalihitajika kuridhia katika miaka saba. Hadi Agosti 1985 ni 16 tu yaliyoridhia. Njia nyingine ni kuufanya mji kuwa jimbo. Katika kura ya maoni ya 2016 wapiga kura wapatao asilimia 86 waliunga mkono. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada huo 2020, na tena 2021 kwa kura 216 dhidi ya 208. Seneti haikuupigia kura.

Wapinzani wanasema Katiba hairuhusu, au kwamba wakazi warudishwe Maryland. Hoja hizo zinastahili kujibiwa. Lakini wote wanajua kuwa wakazi wengi wa mji huchagua chama cha Democratic, na Maseneta wawili wapya wangebadili mizani ya Seneti. Wanaotakiwa kutoa haki hiyo ndio wanaoweza kupoteza madaraka kwa kuitoa.

HITIMISHO

Kada anayechambua demokrasia ya nchi yoyote asiishie kuuliza kama uchaguzi unafanyika. Washington kuna uchaguzi wa Rais, wa Meya na wa mjumbe. Aulize pia: aliyechaguliwa anaweza kuamua nini, na uamuzi wake unaweza kufutwa na nani? Pale ambapo mwenye kufuta hakuchaguliwa na wale wanaotawaliwa, kura ipo lakini madaraka yako kwingine.